Siri Aliyokabidhiwa Wakili

Katika mitaa ya Mwisenge hapana kitu kisafiricho upesi kama habari. Mvuvi akitoka ziwani alfajiri, kabla hajafika sokoni watu wamekwisha kujua amepata samaki wangapi na nani anamdai. Mji wetu wajulikana kwa shule, maana ndiko alikoletwa Julius Nyerere kutoka Butiama mwaka 1934 aanze masomo. Nasi waalimu tuliokuja baadaye hujisifu kwamba twawafundisha watoto kusema vema mbele za watu. Lakini kunyamaza vema ni somo ambalo hatukufundishwa chuoni. Sisi tumelijifunza tukiwa watu wazima, na ada ya somo hilo alilipa mtu mwingine. Ndiyo habari tunayotaka kuwaandikia mwezi huu.

Mwaka 2016 mama mmoja mjane, mzaliwa wa Majita, muuza dagaa, alikuwa amesimama kando ya barabara ya Musoma na Bunda akingoja gari. Lori lilikuja kwa mwendo mkali, likaacha njia, likamgonga. Mfupa wa mguu wa kulia ulivunjika chini ya goti. Alichukuliwa hospitali, polisi wakatoa ile fomu yao ya majeruhi iitwayo PF3, akalala kitandani majuma mengi. Alipotoka alitembea kwa mkongojo, wala hakuweza tena kubeba karai la dagaa kichwani.

Watu walimwambia, "Mshukuru Mungu kwa kuwa u hai, yaache." Alimshukuru Mungu, lakini wajukuu wake walikuwa na njaa vilevile. Basi mwaka 2017 alikuja kwetu akasema, "Mwalimu, nasikia sheria yaweza kumlipisha mwenye gari. Nipeleke kwa mtu ajuaye." Nasi tukaona ni neno la haki. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, yamlazimu mwenye gari kukata bima kwa ajili ya madhara yawapatayo watu wengine barabarani. Tena Sheria ya Ukomo wa Madai ya mwaka 1971 yampa aliyeumizwa kwa uzembe miaka mitatu tu ya kufungua shauri, na mmoja ulikuwa umekwisha kupita. Tukaenda naye kwa wakili mjini. Kwa kuwa mama yule husema Kijita vizuri kuliko Kiswahili, sisi tulikaa katikati yao kuwa mkalimani.

Wakili yule alianza kwa maneno tusiyoyatarajia. Alisema, "Mama, kabla hujaniambia lolote, sikia. Utakalosema hapa ili nikusaidie ni siri yako. Mimi siruhusiwi kulitoa pasipo ruhusa yako, hata mbele ya hakimu. Basi usinifiche kitu, hata kile unachoona kitakudhuru." Tukamfasiria. Mama akanyamaza kitambo, akitazama mkongojo wake. Kisha akasema kwamba goti lile la kulia lilikuwa likimuuma tangu miaka miwili kabla ya ajali, na kwamba alikuwa na kadi ya zahanati yenye habari hiyo, naye aliificha chini ya godoro kwa kuogopa ya kwamba wataambiwa mguu ulikuwa mbovu tangu zamani.

Wakili hakukasirika. Alicheka kidogo akasema, "Vema umeniambia. Goti kuuma na mfupa kuvunjika ni mambo mawili. Aliyemgonga mtu mwenye goti bovu hana ruhusa ya kumvunja mguu." Mama akapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Yatupasa hapa tueleze sheria hiyo ya siri, maana wengi wetu hatuijui. Si jambo jipya. Huko Uingereza, katika shauri la Berd na Lovelace la mwaka 1577, mahakama ilikataa kumlazimisha wakili atoe ushahidi juu ya mambo ya mteja wake. Katika nchi yetu, Waingereza waliingiza Tanganyika mwaka 1920 Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, ambayo katika kifungu cha 126 ilimkataza wakili kutoa maneno ya mteja pasipo ruhusa yake, na katika kifungu cha 127 iliwafunga vivyo hivyo wakalimani, makarani na watumishi wa wakili. Bunge letu lilipotunga Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967, ambayo leo ni Sura ya 6, mambo hayo yaliendelea kuwamo. Wasomaji na watie alama hapo penye neno "wakalimani", maana ndipo tulipoangukia.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tuliketi chini ya mwembe pamoja na mwalimu mwenzetu. Akatuuliza habari za mama yule. Tungaliweza kumjibu, "Anaendelea vema." Lakini tulitaka kuonekana watu tujuao mambo ya mahakama, basi tukamweleza yote, hata habari ya goti na kadi iliyo chini ya godoro. Tukamaliza kwa maneno ambayo kila mchongezi huyajua: "Lakini neno hili liwe baina yetu." Mwenzetu hakuwa mtu mbaya. Alimwambia shemeji yake tu. Naye shemeji yake alikuwa akipakia mizigo katika lori la mdaiwa yule yule.

Mwaka 2018 shauri lilifunguliwa katika mahakama ya wilaya. Sasa, katika mashauri ya madai iko hatua moja kabla ya mashahidi kusimama kizimbani, nayo yatoka katika Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966, Sura ya 33, amri ya 11. Upande mmoja waweza kuiomba mahakama iuamuru upande wa pili utaje kwa kiapo hati zote ulizo nazo zihusuzo shauri, na kuzionyesha. Kusudi lake ni jema: hukumu isiwe mchezo wa kuviziana, mtu akificha karatasi mpaka siku ya mwisho. Mahakama yataka kweli, na kweli mara nyingi imo katika makaratasi.

Basi wakili wa upande wa pili aliomba vitu viwili. Kwanza, kadi zote za matibabu ya mguu wa mama tangu kabla ya ajali. Pili, maandishi ambayo wakili wetu aliandika siku ile mama alipomweleza habari za goti. Wakili wetu aliposoma maombi hayo alielewa mara moja kwamba kuna mtu aliyesema. Alituita. Tulipoingia hakutupa kiti. Akasema, "Mwalimu, siku ile tulikuwa watatu chumbani. Mimi sikusema. Mama hakusema."

Hatukuwa na la kujibu. Tukakiri.

Akatufundisha kama mtoto afundishwavyo. "Kadi ya zahanati tutaitoa," alisema, "kwa sababu haikuandikwa kwa ajili yangu. Ilikuwako kabla mama hajanijua. Jambo halifanyiki siri kwa kuambiwa wakili, wala karatasi haigeuki siri kwa kuwekwa katika kabati langu. Mama akiulizwa kizimbani kama goti lilimuuma zamani, hana budi kujibu kweli. Lakini akiulizwa, 'Ulimwambia nini wakili wako?' hapo sheria yamkinga. Kilindwacho ni mazungumzo yetu. Maandishi yangu siyatoi." Naye akafanya hivyo: katika kiapo alizitaja hati zote, zile za kutolewa na zile za kuzuiliwa, akaeleza sababu. Pakiwa na ubishi, hakimu aweza kuitazama mwenyewe hati inayozuiliwa ili aamue kama kweli ni siri ya haki au ni maficho. Hakimu aliamua kadi itolewe, maandishi yabaki.

Tukamwuliza kwa woga, "Basi kama kadi ingetolewa kwa vyovyote, kosa letu ni dogo?" Akatutazama akasema, "Kadi wangeweza kuipata kwa kuiomba. Ulimi wako ndio uliowaonyesha mahali pa kuiomba. Wala hujui bado kosa lako limefanya nini."

Maneno hayo ya mwisho yalitimia. Mama yule alijua kwamba siri yake imetoka. Hakujua imetoka kwa nani, nasi tulikuwa waoga hatukumwambia. Aliamini ya kuwa imetoka kwa wakili. Tangu siku hiyo alikwenda kwa wakili pamoja na mjukuu wake, sisi tukabaki nje, na kila alipoulizwa neno alijibu, "Sijui, mwanangu. Sikumbuki." Mlango uliokuwa wazi ulifungwa.

Nyuma ya mlango huo lilikuwako jambo kubwa kuliko goti. Alipokuwa hospitali, juma la kwanza, mtu wa mwenye lori alimjia na shilingi 200,000 akamwambia ni pole, kisha akampa karatasi atie dole gumba. Hakusomewa. Alitia. Habari hii hakumwambia wakili siku ya kwanza kwa kuwa aliisahau kwa wingi wa mambo. Na alipoikumbuka alikuwa amekwisha kuogopa. Zamu ya upande wa pili ya kuonyesha hati zao ilipofika, karatasi ile ikatokea, imeandikwa kwamba amelipwa, ameridhika, wala hatadai tena kitu.

Wakili wetu alishtuka. Baadaye alituambia, "Ningalijua mwaka ule wa kwanza, ningalimtafuta muuguzi aliyekuwa zamu, na mgonjwa wa kitanda cha pili, waseme kwamba hakusomewa." Lakini muuguzi alikuwa amehamishwa mbali, na yule mgonjwa alikuwa amekwisha kufa. Shauri lilipopelekwa kwenye usuluhishi, upande wa pili waliishika karatasi ile kama ngao. Mwisho mama alikubali fedha zilizopungua sana kuliko alizotumaini. Zilitosha ada za wajukuu za miaka miwili na mtaji mdogo wa kuuza nyanya barazani. Hatuwezi kuapa kwamba angalipata zaidi. Lakini hatuwezi kuapa kwamba asingalipata, na jambo hilo hutukosesha usingizi.

Hapo ndipo tulipoelewa kwa nini sheria inailinda siri hii. Zamani tulidhani kwamba ni hila ya mawakili ya kuficha uovu. Sivyo. Mtu aliyeumia haijui sheria. Hajui ni neno gani litakalomponya na lipi litakalomwangusha. Akiogopa, huficha yote mawili pamoja. Mgonjwa akimficha mganga maumivu, mganga hutibu tumbo hali kichwa ndicho kiumwacho. Tena wakili aliyeambiwa kweli mapema aweza kumwambia mteja wake, "Neno hili usilidai, si haki yako," na mahakama ikapunguziwa uongo.

Tumetafuta kujua wengine wameliamuaje jambo hili, tukapata mashauri mawili yanayotufaa. La kwanza ni la Marekani. Tarehe 7 Februari 1943 mashua ya kuvutia meli, iitwayo J. M. Taylor, ilizama katika mto Delaware, na mabaharia watano kati ya tisa wakafa maji. Sisi wa ziwani tuliolia kwa ajili ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996, hatuhitaji kuelezwa msiba wa namna hiyo. Wakili wa wenye mashua aliwahoji waliookoka akaandika maneno yao. Aliyeshitaki kwa ajili ya marehemu mmoja akataka apewe maandishi hayo. Mwaka 1947 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, katika shauri la Hickman na Taylor, ilisema kwamba waliookoka hawakuwa wateja wa wakili, hivyo hiyo si siri ya mteja hasa. Lakini kazi ya wakili ajitayarishaye kwa shauri hainyang'anywi bila sababu ya lazima. Mashahidi wako hai, nenda ukawaulize mwenyewe.

La pili ni la Uingereza. Mfanyakazi wa reli alikufa vichwa viwili vya treni vilipogongana, na mjane wake akadai fidia. Wenye reli walikuwa na taarifa ya ajali iliyoandikwa na maofisa wao, nayo juu yake iliandikwa kwamba ni kwa ajili ya mwanasheria wao. Kwa hiyo wakakataa kuitoa. Mwaka 1979, katika shauri la Waugh na British Railways Board, Baraza la Malodi liliamua kwamba taarifa itolewe, kwa kuwa kujitayarisha kwa shauri hakukuwa kusudi lake kuu. Iliandikwa pia ili kuzuia ajali nyingine. Twapenda hukumu hiyo, maana yaonyesha kwamba tajiri hawezi kuandika neno "siri" juu ya kila karatasi na mjane akaondoka mikono mitupu. Siri ina mipaka yake.

Na mpaka mwingine tuliuona kwa macho yetu siku ile ya kwanza. Mpwa wa mama alikuwa amekuja pamoja nasi, akatoa shauri la kwamba atafutwe mtu wa kuandika cheti cha uongo cha hospitali, maumivu yaongezwe. Wakili akainua mkono, akasema, "Kijana, nyamaza. Siri ya sheria yamlinda atafutaye msaada kwa lililopita. Atafutaye msaada wa kutenda uovu haimlindi, wala mimi sitamsaidia." Mpwa akainama. Siku hizo tulidhani yeye ndiye hatari ya shauri lile.

Yatupasa pia tuwaonye wasomaji juu ya jambo ambalo Wakristo twaweza kulikosea. Sheria ile ya mwaka 1872, iliyokuwa mama wa sheria yetu, haikumtaja mchungaji, wala mwalimu, wala tabibu, pale ilipomtaja wakili. Maana yake, aliyeumizwa akimweleza jirani au mzee wa kanisa habari za shauri lake, asidhani kwamba sheria imewafunga hao midomo mbele ya hakimu. Dhamiri yawafunga, na adabu yawafunga. Lakini neno la shauri ni heri lipelekwe kwa wakili, na karatasi isitiwe dole gumba kabla haijasomwa na mtu umwaminiye. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na hili ni jambo la kushukuru. Lakini wako wazee wetu wengi ambao bado huhitaji mkalimani. Atakayeitwa kazi hiyo na ajue kwamba anabeba mtungi wa mwenziwe kichwani, na njia ina mawe.

Tulikaa na kosa letu karibu miaka miwili. Yakobo alituonya zamani juu ya ulimi, nasi tumewafundisha watoto habari hiyo mara nyingi, kila mara tukiwafikiria watu wengine. Hata jioni moja, mwaka 2020, tulikwenda kwa mama yule, tukamkuta barazani akipanga nyanya zake mafungu mafungu. Tukamwambia, "Mama, wakili hakukusaliti. Ni sisi."

Hakuinua macho. Akamaliza fungu moja, akaanza la pili. Kisha akasema, "Kwa hiyo yule kijana nilimdhania bure." Tukasema, "Ndiyo, Mama." Akasema, "Basi hilo ndilo deni lako, Mwalimu. Langu nimekusamehe. Nenda kwanza kamwambie yeye kwamba mimi sasa najua."

Tulikwenda asubuhi yake. Tena tulimwomba mama ruhusa ya kuandika habari hii ili wengine waonyeke, maana siri ni yake, na ufunguo u mkononi mwake, si mwetu wala wa wakili. Alifikiri siku tatu. Akajibu, "Andika, Mwalimu. Ila jina langu liache nyumbani."

Tumeliacha.